Panya wako umkabidhi nani: bundi, paka, mtego au sumu?

Masika yaliyopita nilipanda mahindi mara mbili. Mara ya kwanza niliwapandia panya. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta vishimo vidogo mstari mzima, vimenyooka kana kwamba wameazima kamba yangu ya kupandia. Mbegu imefukuliwa, imeliwa kiini, ganda limeachwa juu ya udongo. Shamba lenyewe ni ekari mbili na kitu, Pangani upande wa kusini wa mto, mahindi na mihogo chini ya minazi aliyoiacha marehemu baba. Nyumba imeezekwa makuti, ghala lina bati lenye matundu. Yaani panya wana chumba, jiko na sebule.

Tangu hapo nimejaribu njia zote nne zilizotajwa hapo juu, na nimewauliza waliozijaribu kabla yangu. Ninamwandikia yule anayesimama dukani akijiuliza anunue nini. Ila kuna jambo moja nitalisema mapema kwa sababu ndilo lililonigharimu: wengi tunadhani njia hizi zinajumlishwa, kwamba ukiwa na paka, ukaongeza sumu, na bundi akawepo darini, panya watashambuliwa pande tatu. Hazijumlishwi hivyo. Sumu haichagui, inawafikia na wanaokusaidia. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa mfukoni, amua uko upande wa wawindaji au upande wa sumu.

Kwanza mjue panya wako

Hapa pwani tunasema "panya" kana kwamba ni mmoja. Wa nyumbani ni yule mweusi au wa kahawia mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anayepanda ukuta, boriti na minazi, na kutoboa vidaka kabla havijawa madafu. Wa shambani ni mwingine: mdogo zaidi, wa rangi ya udongo, jike lake lina chuchu hadi 24. Hizo chuchu si pambo. Anabeba mimba siku 23 hivi, na watoto kumi au zaidi kwa mzao mmoja ni jambo la kawaida kwake. Mvua za vuli zikija mapema na kwa wingi, nyasi zinatoa mbegu mapema, naye anaanza kuzaa mapema. Kufika msimu wa kupanda wa masika, kizazi cha pili tayari kina meno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo kadhaa, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba panya huchukua asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya nchi hii katika mwaka wa kawaida. Mwaka wa mlipuko ni habari nyingine kabisa.

Halafu kuna afya, na hapa mkoa wetu wa Tanga una kumbukumbu chungu. Tauni iliingia Lushoto mwaka 1980 ikawa inarudi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelfu waliugua, mamia walifariki. Kiroboto ndiye aliyeibeba kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu. Na mwaka 2022 kule Lindi, watu walipoanza kutoka damu puani na kuanguka, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa wa kwanza kutajwa. Bakteria hao wanaingia kwenye ngozi yenye mchubuko ukikanyaga maji au tope. Homa, kichwa, misuli kuuma, wakati mwingine macho kuwa ya njano. Mtu anameza dawa ya malaria na kusubiri, kumbe alihitaji antibiotiki.

Kwa hiyo kupunguza panya ni zaidi ya suala la magunia.

Bundi

Nianze na anayesemwa vibaya kuliko wote.

Karibu na kwetu, Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza nchini ulikopandwa mwaka 1893, na mkoa mzima bado umejaa majengo ya mashamba ya zamani: kuta nene, madirisha bila vioo, maboriti ya chuma. Katika ghala mojawapo lililoachwa, umbali wa kutembea dakika ishirini kutoka kwangu, anaishi bundi mweupe mwenye uso wa umbo la kopa. Mchana kunguru wakimwona wanamzomea mpaka anarudi ndani. (Kunguru hao nao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka. Leo Tanga mjini nzima inajua walivyosafisha: mayai ya ndege wengine, vifaranga, na samaki wa watu waliowekwa juani.)

Chini ya boriti analolala nilikuta madonge meusi yanayong'aa, makubwa kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kumeng'enya. Nililoweka donge moja kwenye maji na kulifungua kwa mwiba wa mchungwa. Ndani: manyoya yaliyogandana kama sufi, mafuvu matatu ya panya yenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa, taya la nne lisilo na mwenzake, na fuvu jembamba la kirukanjia. Hiyo ni kazi ya usiku mmoja, pengine nusu yake. Jozi ya bundi hawa ikiwa na watoto inakadiriwa kumaliza zaidi ya panya 1,000 kwa mwaka, bila chambo wala posho.

Faida nyingine: hagombanii eneo la kuwinda. Analinda kiota chake tu, kwa hiyo jozi kadhaa zinaweza kukaa jirani na kuwinda kwenye mashamba yale yale. Ndiyo maana kwenye mashamba ya michikichi Malaysia wanawatundikia masanduku ya kutagia, na kijiji cha Sde Eliyahu huko Israeli kilianza mwaka 1983 na baadaye wakulima wa Jordan na Wapalestina wakafanya vivyo hivyo, kwani bundi hasimami mpakani. Johannesburg, katika mtaa wa Alexandra, watoto wa shule wameshirikishwa kuwalea na kuwaachia bundi ili wawale panya wa mtaani.

Sasa upande wa pili, maana wanaomsifia bundi hawausemi. Morogoro watafiti waliweka masanduku na miti ya kutulia ndege kwenye mashamba ya mahindi, na mengine wakayafunika nyavu ili ndege wasiingie, kisha wakahesabu. Pale panya walipokuwa huru kuingia kutoka nje, athari ya wawindaji ilikuwa vigumu kuiona. Bundi anakula, jirani anakuletea wengine. Piga hesabu mwenyewe: huyu anataga mayai manne mpaka sita, anaatamia mwezi mzima, watoto wanakaa kiotani karibu miezi miwili. Yule wa chuchu 24 muda huo ameshapata wajukuu. Bundi anazuia idadi isipande haraka. Mlipuko ukishaanza, hauzimi.

Na kuna suala la shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia unamjengea bundi nyumba."

"Sanduku tu, shangazi. Ale panya."

"Huyo ndege hajengewi. Alilia kwa mzee Bweni, siku ya tatu tukazika."

Sikubishana. Mzee alikuwa mgonjwa tangu Ramadhani, lakini ukiwa na umri wangu hujibizani na dada wa baba yako juu ya msiba. Nilichofanya ni kutundika sanduku mbali na nyumba, kwenye mnazi uliokatika kilele, mita tano juu, tundu la sentimita 15 limeelekea kusini ili mvua ya upepo wa kaskazi isiingie. Ukiwa na majirani wanaoamini bundi ni mkosi, weka mbali hivyo hivyo, la sivyo atapigwa mawe na jasho lako litakuwa bure. Wala usimnunue wala kumkamata: ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu umkamate bila kibali. Unaweka nyumba, mpangaji anakuja akitaka. Wangu hajaja bado. Miti mitatu ya kutulia yenye kichwa kama herufi T niliyoichomeka katikati ya mahindi, hiyo inatumika. Asubuhi naona kinyesi cheupe kimetiririka hadi chini.

Mwenye shamba karibu na Amani ana bahati zaidi yetu. Misitu ya Usambara ina bundi wake mkubwa ambaye huwezi kumpata popote duniani isipokuwa huko na milima michache ya jirani. Huyo si wa kutundikiwa sanduku. Huyo anahitaji tu msitu ubaki.

Paka

Paka hapa kwetu hana maadui. Anapita msikitini, anapita sokoni, anakaa chini ya meza ya muuza samaki na hakuna anayemfukuza kwa kumaanisha. Na msemo tunao: paka akiondoka, panya hutawala. Msemo huo una ukweli kuliko ninavyodhani mtunzi wake alijua, maana kazi kubwa ya paka ni kuwepo.

Brooklyn, New York, watafiti waliweka kamera kwenye kituo cha taka chenye panya wengi wakubwa. Kwa siku 79 paka waliua panya wawili tu. Wawili! Ila panya walijificha zaidi paka walipokuwepo. Halafu huko Eswatini, ambako mazingira ya vijijini yanafanana na yetu zaidi ya Brooklyn, walipima panya wanavyothubutu kula chakula kilichotegwa kuzunguka nyumba za wakulima. Nyumba zenye paka peke yake hazikuwa na tofauti ya maana, za mbwa peke yake hivyo hivyo. Zile zenye paka na mbwa pamoja ndizo panya waliziogopa. Paka anapanda, mbwa anafukua. Panya anakosa pa kukimbilia. Hilo sikulijua mpaka nilipolisoma, nikakumbuka kwamba nyumba ya jirani yangu mwenye mbwa wawili na paka kadhaa ndiyo nyumba pekee ya makuti hapa ambako usiku husikii mbio za juu.

Paka anafaa nyumbani na ghalani kuliko shambani. Mlishe. Paka mwenye njaa hawi mwindaji bora, anahamia kwa mwenye dagaa.

Gharama yake iko kwenye afya na ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, kila mwaka, na ya mbwa ndiyo usiiache kabisa, kwa sababu karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huo vinatokana na mbwa. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma vinavyodhuru mimba. Mama mjamzito asisafishe mchanga wa paka, na bustani ya mchicha aifanye na glavu. Na paka hachagui: mijusi, chozi, ndege wadogo wanaokula wadudu wa mboga zako, wote wamo kwenye orodha yake. Ukiwa na zaidi ya wawili na huwahasi, baada ya mwaka utakuwa na tatizo jipya.

Mtego

Hapa pana maneno machache. Mtego wa kubana unaua anayekanyaga, basi. Hauna sumu, haumdhuru bundi, unaweza kuhesabu ulichopata. Chambo kizuri kuliko dagaa nimekuta ni nazi iliyochomwa kidogo, au siagi ya karanga. Weka ukutani, si katikati ya chumba, maana panya hutembea amegusa ukuta. Ndoo yenye maji na chupa inayozunguka juu yake inanasa wengi shambani, lakini inataka mtu wa kuimwaga kila asubuhi.

Udhaifu wake ni sisi. Mitego kumi kwa usiku wa kwanza, sita wiki ya pili, mwezi wa pili iko juu ya kabati. Mtego unafanya kazi pale majirani wote wanapotega kwa pamoja na kwa muda mrefu, na kuwafanya majirani wote watege ni kazi ya mwenyekiti wa kitongoji, siyo yako.

Usimshike panya kwa mkono mtupu. Kiroboto huhama mwili ukipoa.

Sumu

Naikubali sumu kwa jambo moja: mlipuko. Panya wakiwa wamefurika wilaya nzima, hakuna bundi wala paka atakayeokoa mbegu ya wiki hii, na ndipo maofisa kilimo hugawa chambo cha pamoja. Wote siku moja, kijiji kizima. Hapo inafanya kazi.

Matumizi ya kila siku ndiyo ninayoyapinga, na nina sababu mbili, ya kitaalamu na ya nyumbani.

Ya kitaalamu: sumu zipo za namna mbili kuu. Ya haraka, zinki fosfaidi, ile ya unga mweusi wenye harufu kama ya kitunguu saumu, inageuka gesi tumboni. Panya akionja kidogo akaugua na kupona, hatairudia, na kwa binadamu aliyeimeza haina dawa ya kuizima. Ya polepole inazuia damu kuganda. Panya anakula leo, kesho, kesho kutwa, anakufa baada ya siku tatu hadi wiki. Kwa binadamu hiyo ina dawa, vitamini K, ukifika hospitali mapema. Lakini hizo siku tatu panya anazurura mchana, mzito, amelewa, amejaa sumu. Nani anamkamata panya wa namna hiyo? Yule yule bundi, yule yule paka. Baadhi ya sumu hizi hukaa kwenye ini la aliyemla panya kwa miezi, na bundi waliokutwa wamekufa Ulaya na Marekani wamepimwa mara nyingi na kukutwa nazo.

Ya nyumbani ni fupi. Nilinunua pakiti kwa kijana anayepita na kipaza sauti, haina jina la kampuni, haina namba ya usajili, picha ya panya tu amelala chali. Nikaweka ghalani, nikafunga mlango. Siku ya nne paka wetu alirudi akitembea kama anayekanyaga makaa, akalala chini ya mtungi, akatoka damu puani. Binti yangu alikaa naye mpaka saa nane usiku. Kufika mwezi uliofuata, panya walikuwa wengi kuliko kabla sijaweka kitu, na sasa hapakuwa na paka.

Hilo la kurudi wengi halikunishangaza baadaye. Panya wanajaza pengo kwa wiki chache. Mwindaji anachukua mwaka, au haji tena.

Ukilazimika, nunua yenye usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iweke ndani ya bomba au mwanzi ambao kuku na mtoto hawafikii, okota mizoga kila asubuhi na uifukie kina cha goti.

Wale wasioalikwa

Nyoka anakula panya vizuri sana, na siku zote nawaambia watu waache kuua chatu mdogo wa shambani. Lakini kifutu anayewafuata panya mpaka ndani ya ghala atakuletea mgonjwa kesho, na Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Mantiki ni ile ile ya simba wa kusini mwa nchi yetu, walioua watu zaidi ya 560 kati ya 1990 na 2004: watafiti walikuta wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, wakulima wakiwa kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu, na simba alikuwa amewafuata hao nguruwe. Mwindaji hufuata windo. Toa panya ghalani, kifutu atabaki vichakani anakostahili.

Nguchiro tumwache alipo. Jamaica walimleta kutoka India mwaka 1872 amalize panya wa miwa. Yeye anatembea mchana, panya wanatembea usiku. Akaishia kumaliza ndege wa chini na mayai.

Kwa hiyo uchukue kipi

Unaishi Tanga mjini, Ngamiani au Chuda, chumba na sebule, huna shamba: paka mmoja aliyechanjwa na kuhasiwa, mitego mitano, na ziba matundu. Panya mdogo anapita kwenye tundu la unene wa kalamu, kwa hiyo steelwire na saruji, siyo tambara. Sumu usiiguse, maana panya atafia darini na utamnusa wiki mbili.

Una shamba na ghala kama mimi: paka na mbwa nyumbani, miti ya kutulia shambani, sanduku kama jirani hawatalichoma, mshipi wa bati kwenye mashina ya minazi, fyeka kingo za shamba kabla ya kupanda. Vuli ikija na mvua nyingi mapema, usisubiri masika. Ongea na ofisa ugani mwezi wa kwanza, na mpande siku zinazofanana na majirani ili panya wasihame kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Una shamba kubwa, mashine, walinzi, na meneja anayetaka tarakimu kwenye ripoti: najua utachagua sumu. Acha basi eneo moja lisilowekwa sumu, lenye masanduku ya bundi, uhesabu miaka mitatu.

Na uko Lushoto, umeona panya wanakufa wenyewe bila kuwekewa kitu, huenda ni tauni: hapo usichague chochote kati ya hivi vyote. Usitege, usiweke sumu, paka mfungie ndani. Mpigie ofisa afya. Ukiua panya sasa, viroboto wake watatafuta mwili mwingine wenye joto, na ulio karibu ni wa mtoto aliyelala mkekani. Watu wa afya watapulizia dawa ya viroboto kwanza, panya watashughulikiwa baadaye.